Maswali ya Wasomaji Kuhusu Muziki: Hewa Inapovuja Mdomoni kwenye Noti za Juu za Tarumbeta

Katika toleo hili nafasi yote tumewaachia wapiga tarumbeta, kwa sababu barua zao zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Noti nitazitaja kwa herufi, jinsi zinavyoandikwa kwa tarumbeta la B-flati, wala si kwa do-re-mi ya kwaya, ambayo huhama kila ufunguo wa wimbo unapobadilika. Wale wanaosoma vitabu vya bendi za kanisa zenye asili ya Kijerumani, ambavyo kwa kawaida huandikwa kwa sauti halisi, washushe kila noti hatua moja nzima: mimi nikisema G, kitabu chao kitaonyesha F.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninapiga tarumbeta la kwanza katika bendi ya matarumbeta ya usharika wetu. Noti za chini na za katikati hazinisumbui, lakini nikifika G iliyokaa juu ya mstari wa tano, hewa huanza kutoka kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, huku mate yakifuatana nayo, na nikijaribu A au B sauti hukatika. Ninalibonyeza tarumbeta mdomoni kwa nguvu ili kuziba, na kwa muda mfupi hunisaidia, ila tukifika wimbo wa tatu mdomo unakuwa umekufa ganzi. Wenzangu wananiambia nibane pembe za mdomo. Nabana, na bado hewa inavuja. Nifanyeje? (Mpiga tarumbeta, Moshi)

JIBU: Marahaba. Nimefurahi kwamba umeeleza upande unaovuja na noti ambayo uvujaji huanza kusikika, kwa maana wengi huandika tu kwamba “noti za juu hazitoki”, nasi tunabaki kubahatisha.

Tuanze na kinachotendeka noti inapopanda. Tarumbeta la B-flati ni mrija wenye urefu wa takribani mita moja na nusu, na hata bila kubonyeza valvu yoyote, yaani vile vitufe vitatu vya vidole, mrija huo hutoa noti kadhaa, kutegemea kasi ya mtetemo wa midomo yako. C iliyo kwenye nafasi ya tatu ya stafu, yaani ile mistari mitano ya kuandikia noti, huitaka midomo itetemeke mara 466 hivi kwa sekunde. C iliyo oktavu moja juu yake, kwenye mstari wa pili wa nyongeza, huitaka itetemeke mara 932. Ili midomo iweze kasi hiyo, sehemu inayotetema ndani ya mauthipisi, yaani kile kikombe cha chuma tunachokiweka mdomoni, ni lazima iwe ndogo zaidi na iliyokazana zaidi, na tundu lililo katikati ya midomo nalo ni lazima lipungue. Hewa inayopita inakuwa kidogo, lakini shinikizo la hewa iliyo nyuma ya midomo linaongezeka, na shinikizo hilo halielekei mbele peke yake: linasukuma mashavu, linasukuma pembe za mdomo, linasukuma hata kaakaa. Pembe iliyolegea kidogo haidhuru ukiwa kwenye C ya chini, kwa sababu hakuna kinachoilazimisha ifunguke, ila ukifika G shinikizo linakuwa limeshaizidi nguvu. Kwa hiyo kasoro unayo tangu noti za chini, na G ndiyo inayoifichua.

Hii ndiyo sababu kubonyeza hakukuponyi. Ukilibana tarumbeta dhidi ya midomo, ukingo wa mauthipisi unaziba pale ulipogusa, na pembe ya mdomo iko mbali na hapo, kwa kuwa kikombe chenyewe kina upana wa ndani wa milimita 16 au 17 tu. Unachokipata ni kwamba midomo iliyobanwa kati ya chuma na meno haiwezi kutetema vizuri, damu haizunguki ipasavyo, na misuli inayotakiwa kuzishikilia pembe inaachiwa likizo kwa sababu mkono umejitwika kazi yake. Ganzi unayoisikia wimbo wa tatu ni matokeo ya hayo, nami nakuomba usiizoee. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi wa Marekani aliyekuwa na nguvu kuliko wengi wetu, alisumbuliwa sana na vidonda vya mdomo katika miaka ya 1930 hata akalazimika kuacha kupiga kwa miezi kadhaa. Na mwaka 1982 daktari mmoja wa upasuaji, alipoandika kuhusu wapiga tarumbeta waliochanika ule msuli wa mviringo unaouzunguka mdomo, aliita maradhi hayo kwa jina la utani la Armstrong, yaani Satchmo. Si kila anayebonyeza atafika huko, na hakuna anayepiga bila kubonyeza hata kidogo, kwa kuwa ukingo ni lazima uguse ili uzibe. Tatizo ni pale shinikizo la mkono linapoongezeka kwa kila noti unayopanda.

Sasa tuje kwenye ushauri wa wenzako. Si ushauri mbaya, ila haujakamilika, na ukifuatwa nusu unaharibu. Mtu akiambiwa abane pembe za mdomo, mara nyingi huzivuta kuelekea masikioni, kama anayetabasamu mbele ya kamera. Kuvuta huko kunaifanya midomo iwe myembamba, na midomo myembamba haina nyama ya kutosha ya kuziba wala ya kutetema, kwa hiyo sauti inakuwa kali na nyembamba, kisha hewa inatoroka pale pembe ilipovutwa zaidi. Pembe zinatakiwa zikazane pale pale zilipo, zikiegemea meno ya chonge, na kama zitasogea basi zisogee kidogo sana kuelekea katikati na chini. Tamka “m” ndefu, mmmm, bila kuuma meno, kisha bila kuachia midomo sukuma hewa mpaka mtetemo uanze. Mkazo unaousikia kwenye pembe wakati wa “m” ndio unaotakiwa, na ni mdogo kuliko unavyodhani. Kidevu kibaki kimenyooka, kisikunjamane kuelekea juu, na mashavu yabaki karibu na meno. Najua kwamba Dizzy Gillespie, naye mpiga tarumbeta wa jazi, alijaza mashavu hewa mpaka yakawa kama chura na bado akapiga noti ambazo wengi hawazifikii. Huyo alikuwa Dizzy Gillespie, na mazoea yake hayo si mahali pa kuanzia kwa mtu ambaye tayari anapoteza hewa.

Kuhusu upande wa kushoto peke yake, nina shaka na jinsi unavyolishika tarumbeta. Angalia kidole chako kidogo cha mkono wa kulia. Kama umekiingiza ndani ya ile ndoano iliyo juu ya mrija na unakitumia kuvuta, basi kila unapopanda unalivuta tarumbeta kuelekea kwako na, mara nyingi, kulipindisha kidogo kwenda kulia, na ukingo wa mauthipisi unapoteza mgandamizo upande wa kushoto. Kitoe kidole hicho kwenye ndoano, kikae juu yake tu, na upige vile vile kwa majuma kadhaa. Wapo ambao uvujaji wao ulipungua kwa hatua hiyo moja. Sisemi kwamba mauthipisi ni lazima ikae katikati kabisa ya uso. Meno ya binadamu hayakupangwa kwa rula, na wapiga tarumbeta wengi hodari huiweka kando kidogo. Nisemacho ni kwamba mahali ulipoiweka kwenye C ya chini ibaki hapo hapo ukiwa kwenye G, na uelekeo wa tarumbeta, chini au juu, usiyumbe bila sababu.

Zoezi lenyewe ni la kioo. Simama mbele ya kioo, anza na G ya mstari wa pili, piga kwa sauti ndogo sana, shikilia kwa mapigo manane, pumzika kwa mapigo manane, kisha panda nusu hatua. Endelea hivyo huku ukiziangalia pembe za mdomo badala ya kusikiliza tu. Kabla hewa haijaanza kuvuja utaona jambo: pembe moja itavutika, au kidevu kitakunjamana, au mkono utaanza kuvuta. Jambo hilo huonekana mapema kuliko uvujaji wenyewe; kwa mtu anayevuja kwenye G, usishangae ukiliona tayari kwenye D au E. Noti hiyo ndiyo noti yako kwa sasa. Rudi nusu hatua chini yake, piga mpaka uso utulie, kisha uiguse ile noti na kushuka tena, ukiunganisha bila kutumia ulimi. Usipande zaidi ya hapo siku hiyo. Sababu ya kusisitiza sauti ndogo ni kwamba ukipiga kwa nguvu, wingi wa hewa hufunika dosari, na midomo huweza kulazimishwa itetemeke hata ikiwa imekaa vibaya. Ukipiga kwa upole, midomo iliyokaa vibaya haitoi sauti kabisa, inatoa upepo tu, na wewe unajua mara moja.

Baada ya noti ndefu fanya miunganiko ya noti zisizotumia valvu: G ya mstari wa pili kwenda C, C kwenda E, na siku uso utakapotulia, E kwenda G ya juu. Ndani ya kinywa, ulimi ukae chini kama unatamka “aa” kwenye noti za chini, kisha uinuke kuelekea “ii” unapopanda, huku tumbo likiendelea kusukuma hewa bila kukatiza. Ulimi ulioinuka unaharakisha hewa inayofika kwenye midomo, na hilo linawapunguzia midomo na mkono kishawishi cha kufanya yote peke yao. Koo liache wazi. Ukisikia mguno ndani ya koo, jua umelifunga.

Muda wa zoezi hili usizidi robo saa kwa mara moja, hata kama ni mara mbili au tatu kwa siku, na muda wa kupumzika ulingane na muda wa kupiga. Misuli ya mdomo iliyochoka ndiyo inayovuja, na kuendelea kupiga ukiwa umechoka ni kuifundisha kuvuja. Itakuchukua miezi. Wakati huo ibada zinaendelea, nami natambua kwamba huwezi kumwambia kiongozi wa bendi asubiri. Basi mwombe mgawane sauti ya kwanza na mwenzako, ubeti kwa ubeti, au ushuke oktavu moja pale mstari unapopita noti yako. Hakuna anayeketi kanisani atakayelalamika kwamba ubeti wa tatu ulikosa B ya juu, ila wote watasikia ikipigwa vibaya.

Na kama mwisho wa yote patabaki kipovu cha mate kwenye pembe ya mdomo huku sauti ikiwa safi na noti zikitoka bila kubonyeza, kiache. Wapo wapigaji wa miaka mingi ambao huvuja kidogo namna hiyo, hasa wakipiga kwa nguvu.

SWALI: Mwalimu, nimesikia kwamba kushika penseli kwa midomo kunakaza pembe na kuzuia hewa kuvuja. Pia rafiki yangu anashinda akipuliza midomo bila chombo, akisema noti za juu zitakuja zenyewe. Yupi yuko sahihi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Penseli inashikwa kwa midomo peke yake, meno yakiwa yameachana kidogo, ikiwa imenyooka mbele na haijalalia upande. Inafanyisha kazi misuli ile ile inayoshikilia pembe, na mtu aliyekuwa na midomo dhaifu kwa kuumwa au kwa kuacha kupiga muda mrefu anaweza kunufaika nayo kwa dakika chache kwa siku. Lakini tatizo la wengi si udhaifu. Tatizo ni kwamba misuli yenye nguvu ya kutosha inaelekezwa upande usiofaa, na penseli haifundishi mwelekeo. Mtu anayetabasamu anapopanda atatabasamu kwa nguvu zaidi baada ya mwezi mzima wa penseli.

Kutetemesha midomo bila chombo ni jambo ambalo walimu hawakubaliani juu yake, nami niko upande wa wanaolitumia kwa kiasi. Bila ukingo wa mauthipisi midomo hujikaza kupita kiasi ili iweze kutoa sauti, na anayeshinda akifanya hivyo huja kwenye tarumbeta akiwa na mkazo usiohitajika. Afadhali achukue mauthipisi peke yake, aishike kwa vidole viwili kwenye mkia wake, na apige mstari wa wimbo wa kitabuni kwa dakika tatu au nne. Vidole viwili haviwezi kubonyeza sana, na hapo ndipo faida yake ilipo: kama hewa inavuja kando ya ukingo, ataisikia waziwazi, na hataweza kuizuia isipokuwa kwa midomo yenyewe.

SWALI: Nina mwanya katika meno ya mbele ya juu. Mwalimu wetu wa zamani alisema mtu mwenye mwanya hawezi kupiga noti za juu kwa sababu hewa hupita kwenye mwanya huo. Je, ni kweli, au nihamie tromboni? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hewa yote ni lazima ipite katikati ya meno kabla ya kufika kwenye midomo, ndiyo maana tunapiga tukiwa tumeyaachanisha. Mwanya hauwezi kuwa mahali pa kuvujia, kwa kuwa mbele yake kuna mdomo mzima unaofunika. Wapo hata wanaouona mwanya kuwa msaada, kwa sababu katikati ya mdomo wa juu, palipo na tundu la hewa, hapabanwi moja kwa moja na jino.

Meno yanayoleta matatizo kweli ni ya namna nyingine. Jino la mbele lililojitokeza kuliko mwenzake huufanya ukingo wa mauthipisi uegemee nukta moja na kuacha upande mwingine ukielea, na hewa itatafuta upande unaoelea. Jino lililong'olewa pembeni ya meno ya mbele huliacha shavu na pembe ya mdomo bila kiegemeo, na hapo pembe hubonyea ndani shinikizo linapopanda. Kwa kasoro hizi, kwanza sogeza mauthipisi milimita chache kwenda kulia au kushoto, au badili kidogo uelekeo wa tarumbeta, mpaka upate mahali ambapo ukingo unagusa kwa usawa. Usikimbilie kumwambia daktari wa meno alisage jino. Jino lililosagwa halirudi, na huenda mahali papya pa kuweka mauthipisi pangetosha. Ukiwa utang'olewa jino la mbele au kutengenezewa la bandia, mweleze daktari kwamba wewe ni mpiga tarumbeta, ili jino jipya lifuate umbo la lile la awali kadiri inavyowezekana; tofauti ndogo ambayo haionekani ukicheka huonekana sana ukipiga.

Kwa hiyo usihamie tromboni kwa sababu ya mwanya. Kama unaipenda tromboni, hiyo ni habari nyingine.

SWALI: Hujambo Mwalimu. Ninapiga koneti katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Kwangu hewa haitoki mdomoni bali puani. Nikipiga noti za juu kwa muda mrefu nasikia mkoromo nyuma ya pua, na hapo nguvu zote za sauti hupotea. Wenzangu wanacheka wakisema sijui kupumua. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Sijambo. Waambie waache kucheka, kwa sababu tatizo hilo linafahamika na linawapata hata wapigaji waliosomea. Nyuma ya kaakaa gumu kuna kaakaa laini, ambalo huinuka na kuifunga njia ya pua tunapomeza, tunapotamka sauti nyingi, na tunapopuliza. Likichoka, au likiwa halifungi vizuri tangu mwanzo, shinikizo la noti za juu hulisukuma wazi, na hewa hupita puani kwa ule mkoromo unaousikia.

Ili kuwa na hakika, weka kioo kidogo chini ya pua mtu mwingine akikushikia huku ukishikilia noti ya juu. Kioo kikiingia ukungu, hewa inapita huko. Kisha chunguza ni wakati gani. Kama hutokea mwisho wa mazoezi marefu peke yake, au majuma yanayotangulia tamasha mnapofanya mazoezi kila siku, basi ni uchovu, na tiba yake ni kupunguza muda, kugawanya mazoezi katika vipande vifupi, na kusimama mara mkoromo wa kwanza unaposikika. Usipige kwa kuuzidi nguvu. Unaweza kulizoeza kaakaa kwa kuvuta hewa kwa mrija wa soda uliozibwa mwisho wake kwa kidole na kushikilia kwa sekunde chache, kwani kaakaa ni lazima lifunge ili mvuto huo ushike.

Ikiwa hutokea hata kwenye noti za katikati, hata ukiwa umepumzika, au kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa kaakaa au wa tezi za nyuma ya pua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na uende na koneti yako. Daktari anayekutazama ukiwa umekaa kimya huenda asione chochote.

SWALI: Nimepiga tarumbeta miaka mingi bila tatizo. Juzi niliamka nikakuta hewa yote inatoka upande wa kulia, hata kwenye noti za chini, na chai nayo inadondoka upande huo huo. Nifanye zoezi gani? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Usifanye zoezi lolote. Mhariri amekwisha kukujibu moja kwa moja mara barua yako ilipofika, nami naliandika hapa kwa ajili ya wengine. Uvujaji wa mazoea hujengeka polepole na huonekana kwenye noti za juu kwanza. Upande mmoja wa mdomo ukilegea kwa ghafla, hata wakati wa kunywa, si jambo la muziki tena. Huenda ni kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso, ambako mara nyingi hupona na ambako dawa hufanya kazi zaidi zikianza mapema, ndani ya siku tatu za mwanzo. Na huenda ni kiharusi, hasa ikiwa mkono au mguu umelegea pia au maneno hayatoki sawasawa. Katika hali zote mbili mahali pa kwenda ni hospitalini, na ni siku hiyo hiyo. Na kama jicho la upande huo halifumbi, lilindwe lisikauke.

SWALI: Mwalimu, mimi hupiga matarumbeta ya harusi hapa mjini, mara nyingi tukiwa juu ya gari. Nimenunua tarumbeta la mtumba, na tangu hapo noti za juu hazishiki, zinatoka na upepo mwingi. Nikiazima la mwenzangu zinatoka. Je, hewa inavuja kwangu au kwenye chombo? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Umeshajijibu kwa kuazima. Noti zikitoka kwenye tarumbeta la mwenzako kwa mauthipisi yako mwenyewe, midomo yako haina hatia. Nasema kwa mauthipisi yako kwa sababu kama uliazima vyote viwili, hujui bado ni kipi kilichobadilika.

Anza na kile kitufe cha kutolea mate, maana ndicho chenye kosa mara nyingi. Kizibo chake cha koki au mpira hukauka na kupasuka, au springi yake hulegea. Piga noti inayokusumbua huku ukikibana kitufe hicho kwa kidole dhidi ya mrija. Sauti ikisafika, badilisha kizibo, ambacho fundi yeyote wa vyombo vya upepo anacho, na kwa dharura kipande cha koki kilichokatwa kwa wembe kikabandikwa kitakufikisha jioni.

Kisha jaribu mirija inayoteleza. Bila kubonyeza valvu, vuta nje mrija wa valvu ya kwanza kwa sentimita moja au mbili, hesabu mpaka tano, halafu bonyeza valvu hiyo. Ukisikia mlipuko mdogo, kama wa kizibo cha chupa, valvu na mrija vinashika hewa. Usiposikia kitu, hewa imeshaingia kupitia mahali fulani. Rudia kwa valvu ya tatu. Valvu zilizolika kwa miaka ya matumizi huweza kusaidiwa kidogo na mafuta mazito zaidi ya valvu, lakini nakusihi usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, ambayo huganda na kunasa vumbi. Hakikisha pia kwamba kila valvu imerudishwa kwenye nyumba yake, kwa kuwa zimepewa namba 1, 2 na 3, na mtu aliyesafisha kwa haraka akizichanganya, tarumbeta huziba au kutoa upepo tu.

Mahali pa mwisho pa kutazama ni viungo vya kulehemu, hasa pale mrija wa mauthipisi unapoungana na ile mirija mingine. Ziba mdomo mpana wa tarumbeta kwa kitambaa kilicholowa, puliza kwa nguvu bila kutoa sauti, na umwombe mwenzako apitishe mkono uliolowa maji kando ya viungo. Penye nyufa atasikia ubaridi. Ufa huo ufanyiwe kazi na fundi mwenye uzoefu wa shaba nyembamba, si yule wa mageti.

Kuhusu kupiga juu ya gari linalotembea, noti za juu uziache kwa vituo. Tuta moja la barabarani linatosha kuigonganisha mauthipisi na meno ya mbele, na jibu la swali la msomaji wa Tanga umekwisha kulisoma.